Songea Mji Mdogo? Ngoja Kwanza Nikutembeze

Siku nilipowaambia washkaji wa Dar kwamba nahamia Songea kikazi, swali lilikuwa moja tu: "Sasa huko utafanya nini?" Mmoja akadakia, "Bora hata ungerudi kwenu Nakapanya." Wakacheka wote. Ukitaja jina Nakapanya halafu kuna Mngoni karibu, utani wa panya unaanza hapohapo na hauishi leo.

Nakapanya ipo Tunduru, huku kwetu kwa Wayao na korosho, barabara ya kwenda Masasi. Ni mkoa huohuo wa Ruvuma, lakini mpaka Songea ni kama kilomita 300 na ushee. Nilipokuwa mdogo hiyo safari ilikuwa adhabu. Masika lori likinasa kwenye tope mnalala porini, mnapika, mnafahamiana mpaka majina ya watoto. Siku hizi ni lami tupu, asubuhi unapanda basi, mchana unashuka stendi ya Shule ya Tanga, ukikosea kuvaa sweta mwezi wa sita utajuta.

Nikiri tu, wiki mbili za mwanzo nilikuwa upande wa washkaji. Songea sio jiji, ni manispaa. Saa tatu usiku Mfaranyaki kumepoa, watu wamelala. Jumamosi moja nikiwa sina hela ya maana mfukoni, nikaamua nitembee tu. Nikaishia Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji.

Kule nilikutana na mzee mmoja amekaa kivulini. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza huyu Songea alikuwa mfalme gani hasa. Mzee akatabasamu. "Hakuwa mfalme, mwanangu. Alikuwa nduna."

Hapo nikakaa chini.

Ni hivi. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya Shaka Zulu. Mwaka 1835 wakiwa na Zwangendaba wakavuka Zambezi, wakapanda kaskazini mpaka Ufipa, na baada ya Zwangendaba kufa wakagawanyika. Waliokuja huku wakaishia na falme mbili, Mshope na Njelu. Mwaka 1905 Mshope ilikuwa chini ya Chabruma, na Njelu chini ya Nkosi Mputa Gama. Songea Mbano alikuwa nduna wa Mputa, yaani mkuu wa vita na mtawala wa eneo. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897, walijenga eneo lake. Jina la nduna likabaki kuwa la mji. Jina la nkosi wake, waulize vijana kumi pale stendi, ukipata wawili wanaolijua nitakununulia soda.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, dawa ikitoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga mwezi wa nane tu, mapema kabisa, lakini dawa ilishatembea. Ikafika Ungoni. Simulizi za hapa zinamtaja mwanamke, Nduna Mkomanile, kuwa ndiye aliyempokea mjumbe wa dawa na kumuunganisha na wakubwa. Shuleni mimi nilifundishwa Majimaji miaka mingi na sikuwahi kusikia jina lake. Sijui nilikuwa nasinzia au walimruka.

Dawa haikugeuza risasi kuwa maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakanyonga watu hapa mjini. Kumbukumbu ya Songea inahesabu mashujaa 67. Kati yao 66 wamelala kaburi moja, na Nduna Songea kaburi lake peke yake. Mzee anasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki wakati wenzake wamekufa. Mkomanile naye anahesabiwa kati ya walionyongwa, mwanamke pekee.

Halafu ikaja njaa, ambayo kwangu ndio sehemu mbaya zaidi. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi, watu wakose kula. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kusini yote ni hadi 300,000, na wengi waliuawa na njaa, sio risasi. Majina ya hao hayapo kwenye ukuta wowote.

Nikamuuliza mzee kwa nini Nduna akazikwa pekee. Akanyamaza kidogo. "Kaburi lile halina kichwa."

Simulizi ya miaka yote Songea ni kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Nilidhani ni stori za vijiweni mpaka nikakumbuka: tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapahapa makumbusho, akakaa na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu. Siku hiyo mimi nilikuwa Dar, habari ikapita kwenye simu yangu nikaisukuma juu nikatafute vichekesho.

Tangu hapo wikiendi zangu zimebadilika. Nimepanda Chandamali kuona mapango ambayo inasemekana Nduna alijificha. Nimekaa chini ya milima ya Matogoro, mto Ruvuma unakoanzia. Nimesoma pia habari za Litowa, ambako miaka ya 60 vijana wa TANU walianzisha kijiji chao cha ujamaa wenyewe bila kusukumwa, na shule yao, vikafika vijiji 17. Nyerere aliwasifia, kisha mwaka 1969 chama kikaupiga marufuku umoja wao. Hiyo nitaiandikia siku yake, ina mambo.

Na watani zangu Wangoni nimewaelewa kidogo. Wazee wanasema utani huu wetu ulitokana na babu zetu kupigana, wakachoka, wakaamua bora watukanane. Sasa kila asubuhi mama wa chapati pale mtaani kwangu akiniona ananiita, "Monile, wewe wa Nakapanya, panya wenu hawajambo?" Namjibu hawajambo, wanawaogopa nyie.

Februari 27 nimeshaomba ruhusa kazini. Mzee kasema niwahi asubuhi, mchana watu wanajaa.