Ketamini yapata kazi mpya katika tiba ya unyogovu

KETAMINI ni dawa ya nusukaputi iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1970, na hadi leo hutumiwa katika vyumba vya upasuaji, hapa Kenya na kwingineko.

Mnamo 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza kuwa kiasi kidogo chake, kikitiwa mshipani, kilipunguza unyogovu, yaani huzuni nzito isiyokwisha, katika muda wa siku tatu. Dawa za kawaida huchukua majuma kadhaa.

Hata hivyo, nafuu hiyo hufifia upesi. Ndiposa baadhi ya madaktari huiambatanisha na tiba ya kisaikolojia. Mgonjwa aliyelemewa hata kuzungumza hapati faida kubwa kwa mshauri. Akipata ahueni, huweza kueleza yanayomsibu na kujifunza namna ya kuyakabili. Utafiti kuhusu muungano huo ungali unaendelea.

Mnamo 2019, Marekani iliidhinisha esketamini, aina ya ketamini inayopuliziwa puani. Mgonjwa huitumia mbele ya mhudumu wa afya, kisha huangaliwa kwa saa mbili au zaidi.

Tahadhari hiyo ina sababu: ketamini hupandisha shinikizo la damu, na ikitumiwa kiholela huleta uraibu na kudhuru kibofu cha mkojo. Si dawa ya kujitibu nyumbani.