Mguu wa Nyuma Huufuata Usukani

Julai 1965, wapanda mawimbi walikusanyika Ventura, California, kushindania fedha zilizotolewa na mtengenezaji wa mbao aitwaye Tom Morey. Masharti yalikuwa ya ajabu kidogo. Mshindani alihesabiwa sekunde alizoweza kusimama kwenye omo, yaani robo ya mbele ya ubao wake, kabla ya kuanguka au kurudi nyuma. Hakuna aliyejali alikata kona namna gani. Waamuzi walishika saa tu. Morey na mshirika wake, Karl Pope, walikuwa pia na bidhaa iliyofaa siku kama hiyo: kopo la kupuliza lililoitwa Slipcheck, lililoacha juu ya ubao utando mkavu wa kukwaruza, ili nyayo zilizolowa zisiteleze. Watu waliupuliza kwenye omo, maana huko ndiko sifa zilikokuwa.

Leo kizuizi hicho cha utelezi kimehamia mwisho wa pili wa ubao. Ni mkeka mdogo wa povu la mpira wenye gundi chini, mara nyingi na tuta kwenye ukingo wake wa nyuma, nao hubandikwa juu ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya ubao, mahali pa mguu wa nyuma. Wenye mbao za kusimama na kupiga kafi, mchezo uliotapakaa duniani katika miaka ishirini iliyopita, bado wanabishana juu yake: usogezwe mbele kiasi gani, ufike ukingoni au usifike, tuta likae wapi. Ubishi huo una sababu. Ubao wao umezaliwa na koo mbili, ule wa mawimbi na ule wa mtumbwi, na kila ukoo una desturi yake ya kusimama.

Mbao za kale za Hawaii hazikuwa na pezi. Alaia ilikuwa nyembamba na fupi kiasi. Olo, ubao wa machifu, ulichongwa mara nyingi kwa mti mwepesi wa wiliwili na ulizidi mita nne. Mbao za namna hiyo zilizokuwa za chifu Abner Paki zimehifadhiwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Bishop, Honolulu. Chombo kama hicho kiliongozwa kwa uzito wa mwili, na mtu akitaka kugeuka kwa nguvu aliburuza mguu majini. Mguu wenyewe ndio uliokuwa usukani.

Hali haikubadilika sana mwanzoni mwa karne ya 20, wakati vijana wa Waikiki walipoufufua mchezo huo kwa mbao nzito. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya 1912, alipofika Sydney mwishoni mwa 1914 alijichongea ubao wa msonobari na kuwaonyesha Waaustralia katika ufuo wa Freshwater namna ya kupanda wimbi. Ubao ule haukuwa na pezi hata moja. Kwenye mawimbi ya taratibu hilo si tatizo. Wimbi likisimama wima, tezi pana huponyoka kuelekea bondeni na kumtupa mtu ubavuni.

Ndivyo ilivyowasumbua vijana watatu wa Honolulu katika miaka ya 1930: John Kelly, Fran Heath na Wally Froiseth. Baada ya kuporomoka mara nyingi kwenye mawimbi ya mahali paitwapo Brown's, walichukua ubao wa Heath, wakaushambulia kwa shoka na kuipunguza tezi hadi ikawa nyembamba, huku upande wa chini wakiupa umbo la mkuku. Kuukata ubao mzima wa rafiki yako ni ujasiri wa aina yake, lakini dawa ilifanya kazi. Tezi ilizama kidogo na kushika maji, na aliyesimama nyuma akawa ameegemea kitu kisichomkimbia.

Tom Blake, mzaliwa wa Wisconsin aliyehamia mawimbini, alipata jibu jingine mwaka 1935. Alitoa kipande cha mkuku kwenye mashua ya injini iliyotelekezwa, akakifunga chini ya tezi ya ubao wake huko Waikiki. Pezi hilo la kwanza lilidharauliwa kwa miaka kadhaa na wengi walioliona. Mwaka huohuo California, Alfred Gallant aligundua kwamba nta ya sakafu ya mama yake ilishika nyayo zake. Akaipaka ubaoni, kisha akahamia nta ya parafini, ambayo akina mama walizibia chupa za jemu. Pezi chini na nta juu vilipatikana kwa wakati mmoja, katika pwani mbili tofauti.

Nta haina mahali maalumu. Hupakwa popote mtu anapokanyaga, na katika miaka ya 1950 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 watu walikanyaga kila mahali. Mbao za povu na fiberglasi zilikuwa na urefu wa mita tatu, nyepesi kuliko zilizotangulia, na umaridadi ulikuwa kutembea: hatua za kupishanisha miguu kwenda omo, vidole kumi vikining'inia mbele, kisha kurudi tezini kugeuza. Slipcheck ya Morey ni mtoto wa zama hizo.

Kisha mbao zikafupishwa ghafla. Kuanzia mwaka 1967 mita tatu ziligeuka mbili na kitu, na matembezi yakakosa uwanja. Jambo jingine lisilotajwa sana ni kamba ya mguuni. Pat O'Neill alijitokeza nayo kwenye mashindano ya Malibu mwaka 1971 na kuchekwa. Baba yake, Jack, mtengenezaji wa nguo za mpira za kuogelea, alipoteza jicho mwaka huo kamba ya kunyumbulika iliporudisha ubao usoni kwake. Hata hivyo kamba ilishinda. Ikifungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma na kwenye tundu la tezi, inamvuta mtu akae alikofungwa.

Aliyeukomelea msumari mguu wa nyuma ni Simon Anderson wa Narrabeen, kilomita chache tu kaskazini mwa ufuo ule ambako Kahanamoku alionyesha ubao wake. Anderson alikuwa jitu la mtu, na mbao za mapezi mawili alizoshindia mpanda mawimbi mwenzake Mark Richards zilimponyoka. Mwishoni mwa 1980 alitengeneza ubao wenye mapezi matatu ya ukubwa unaokaribiana: mawili pembeni na moja nyuma katikati. Mwaka 1981 aliupanda Bells Beach kwenye mawimbi makubwa akashinda, akashinda tena Sydney na Pipeline. Hakuchukua hataza. Katika miaka michache karibu kila ubao mfupi duniani ulikuwa na mapezi matatu.

Mapezi hayo yanataka kukanyagwa. Pezi la nyuma hukaa yapata sentimita 9 kutoka ncha ya tezi, na yale mawili ya mbele kama sentimita 28. Mguu ukiwa mbele ya eneo hilo, ubao huwa mzito kugeuka. Ukiwa nyuma yake, omo hunyanyuka na mwendo hufa. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi isiyozidi unyayo mmoja, na mtu anatakiwa aipate bila kutazama chini. Nta haiwezi kumwambia yuko wapi. Mkeka unaweza. Herbie Fletcher wa California alikuwa ameanza kuuza mikeka yake ya Astrodeck tangu miaka ya 1970, na baada ya mapezi matatu kuenea, mkeka wa tezi ukapata kazi yake halisi: tuta la nyuma humwambia kisigino kwamba ubao umeishia hapa, na mwinuko wa katikati hujaza uwazi wa unyayo. Kanuni iliyozaliwa huko ni fupi. Pindua ubao, tazama mapezi, kisha ubandike mkeka juu yake. Kupima kutoka ncha ya tezi peke yake ni kubahatisha.

Hapo ndipo lilipoingia kafi.

Vijana wa pwani ya Waikiki, waliofundisha wageni kupanda mawimbi, walikuwa tangu zamani wakisimama kwenye mbao kubwa na kujisukuma kwa kafi la mtumbwi ili waone wimbi likija kwa mbali au wapige picha za wateja. Familia ya AhChoy iliendeleza mtindo huo kwa miaka mingi bila mtu wa nje kuujali. Katikati ya miaka ya 1990, Laird Hamilton na Dave Kalama waliuchukua huko Maui, wakatengenezewa makafi marefu zaidi. Inachekesha kidogo: ni watu walewale ambao, kwenye mawimbi ya kutisha ya Peʻahi, walikuwa wakifunga mikanda kwenye mbao zao ili miguu isisogee hata kidogo. Sasa walikuwa juu ya chombo kinachodai miguu isogee kila dakika.

Maana mpiga kafi husimama katikati, miguu sambamba kandokando ya mpini wa kubebea, akitazama mbele. Hiyo ni desturi ya mtumbwi. Msukuma upondo wa Lamu angeielewa mara moja. Wimbi likimchukua, anageuka ubavu, mguu mmoja unarudi nyuma hadi juu ya mapezi, na hapo anakuwa mrithi wa Anderson. Safari hiyo ya mguu inafanyika gizani, macho yakiwa kwenye wimbi, kafi likiwa mkononi.

Kwa hiyo viwanda hufunika sehemu kubwa ya mgongo wa ubao kwa povu, kwani nta ingechubua nyayo za mtu anayesimama saa nzima. Lakini povu lililo sawasawa kila mahali huficha habari ileile ambayo mguu wa nyuma unaitafuta. Wanaopanda mawimbi huongeza tuta, na tuta hukaa juu ya pezi la nyuma au nyuma yake kidogo. Upana nao ni shida. Ubao mfupi wa kawaida una karibu sentimita 48, huu wa kafi 70 hadi 80, hivyo mkeka uliotengenezewa ule mfupi huacha kingo uchi pale ambapo kisigino na vidole vinahitaji kukandamiza. Mikeka ya vipande vitatu inayoweza kutawanywa ni nafuu. Tundu la kamba halifunikwi, na gundi huachwa ikauke siku nzima kabla ya kuona maji.

Mbao ndefu za mashindano ya kasi zina sheria nyingine. Huko mkimbiaji hurudi tezini ili omo ipae na ubao uzunguke boya kwa mapigo machache, kisha hukimbilia katikati tena. Tuta lake hukaa nyuma kabisa, kama alama ya mpaka: akilikosa, anaoga.

Koo hizo mbili zilifikishana hata mahakamani. Shirikisho la kimataifa la wapanda mawimbi na lile la mitumbwi yalishindania mchezo huu mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Agosti 2020 wapanda mawimbi walikabidhiwa usimamizi wake katika ngazi ya Olimpiki, huku watu wa mitumbwi wakiruhusiwa kuendelea kuandaa mashindano yao.