Namna Programu Zinavyolinda Taarifa Nyeti Ndani ya Kumbukumbu ya Kompyuta

Bonde la Mang'ola, wilayani Karatu mkoani Arusha, linafahamika kwa kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji kando ya Ziwa Eyasi. Mkulima anayepokea au kutoa fedha kwa simu ya mkononi huingiza namba ya siri kwa sekunde chache tu. Hata hivyo, namba hiyo na funguo zinazolinda muamala hukaa kwa muda katika kumbukumbu ya mitambo inayoushughulikia. Zikivuja, kinachoweza kupotea ni mapato ya msimu mzima.

Katika hali ya kawaida, programu huomba nafasi ya kumbukumbu, huitumia, kisha huirejesha. Kuirejesha si kuifuta: maandishi ya awali hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake. Aidha, kumbukumbu ikielemewa, mfumo endeshi huweza kuhamishia sehemu yake kwenye diski, na siri ikabaki humo hata baada ya kompyuta kuzimwa.

Kutenga kumbukumbu salama hufanyika kwa hatua kuu tatu. Kwanza, eneo lenye siri hufungwa lisihamishiwe kwenye diski. Katika Linux, kazi hiyo hufanywa na amri ya mlock. Pili, eneo hilo huzungushiwa kurasa za ulinzi zisizosomeka wala kuandikika, hivyo programu inayovuka mpaka husimamishwa papo hapo. Tatu, siri hufutwa mara tu matumizi yanapokwisha. Hatua hii huhitaji uangalifu, kwa kuwa kompaila inaweza kuondoa amri ya kawaida ya kufuta ikiiona haina kazi. Ndiyo sababu hutumika amri mahususi kama explicit_bzero. Maktaba ya libsodium huzikusanya hatua zote tatu pamoja.

Umuhimu wa kinga hizi ulidhihirika Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL. Kasoro hiyo ilimwezesha mshambuliaji kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, zikiwemo nywila na funguo za siri, bila kuacha alama katika kumbukumbu za kawaida za matukio.

Kinga hizi zina mipaka. Kufunga kumbukumbu hakuzuii siri kunakiliwa kwenye diski pale kompyuta nzima inapolazwa, wala hakumzuii mwenye mamlaka kamili juu ya mfumo. Kwa hiyo huambatana na usimbaji fiche wa diski na udhibiti wa watumiaji.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji kuziwekea taarifa hizo ulinzi wa kiusalama. Utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa waandaaji wa mifumo, wajibu huo unagusa pia sekunde chache ambazo siri ya mwananchi hukaa ndani ya kumbukumbu.