Kampuni ya India Mashariki, 1600–1874

Tarehe 31 Desemba 1600, Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa London wa Kampuni ya India Mashariki hati ya ukiritimba wa biashara yote ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema kwa miaka 15. Safari ya kwanza iliongozwa na James Lancaster, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ametia nanga Unguja. Walifuata pilipili manga na viungo vya visiwa vya kusini mashariki mwa Asia. India walikuja kuigeukia baadaye, Waholanzi walipowabana huko visiwani.

India walifika kama waombaji. Balozi Thomas Roe alikaa katika baraza la Mfalme Jahangir kuanzia mwaka 1615 akibembeleza vibali, na milki ya Mughal haikuwa na sababu ya kumwogopa. Kidogo kidogo Kampuni ikapata maghala: Surat, kisha Madras mwaka 1639, Bombay mwaka 1668, Calcutta mwaka 1690. Waingereza walinunua nguo za pamba na hariri, nao iliwabidi kulipa kwa fedha tupu kutoka Ulaya, maana bidhaa zao hazikuwa na soko kubwa India.

Mfalme Aurangzeb wa Mughal alifariki mwaka 1707, na milki yake ikaanza kumeguka. Magavana wa majimbo wakawa watawala wa kujitegemea, wakipigana wao kwa wao, huku Waingereza na Wafaransa wakiandikisha askari wa Kihindi na kuwakodisha kwa anayelipa. Mwaka 1757 huko Plassey, Robert Clive wa Kampuni, akiwa na askari wapatao 3,000, wengi wao Wahindi, alimshinda Nawabu Siraj ud-Daulah, mtawala wa Bengal, aliyekuwa na jeshi kubwa mara nyingi zaidi. Jemadari wa Nawabu, Mir Jafar, alikuwa ameahidiwa kiti cha bwana wake, na wenye benki akina Jagat Seth walikuwa ndani ya njama hiyo. Vita vyenyewe vilikwisha kwa siku moja.

Plassey ndiyo inayotajwa sana, lakini siku inayostahili kukumbukwa kwa uchungu ni tarehe 12 Agosti 1765. Baada ya kushindwa na Kampuni katika vita vya Buxar, Mfalme wa Mughal, Shah Alam wa Pili, aliikabidhi Kampuni haki ya kukusanya kodi za Bengal, Bihar na Orissa, naye akabaki na malipo ya rupia milioni 2.6 kwa mwaka. Tangu hapo Kampuni haikuwa na haja ya kuleta fedha nyingi kutoka Ulaya. Ilimtoza mkulima wa Bengal kodi, ikatumia sehemu ya kodi hiyo kununua nguo za mfumaji wa Bengal, ikaziuza London, na faida ikawaendea wenye hisa. Kodi hiyo hiyo ililipa mishahara ya askari walioendelea kuteka majimbo mengine. Wahindi waligharimia kutawaliwa kwao wenyewe.

Miaka minne baadaye mvua ilikosekana, njaa ikaingia. Katika ripoti ya mwaka 1772, Gavana Warren Hastings alikadiria kwamba theluthi moja ya watu wa Bengal walikufa, na humo humo aliandika kuwa makusanyo ya mwaka 1771 yalizidi hata yale ya mwaka 1768, kabla ya njaa. Mtoza kodi aliyesamehe kijiji kilichobaki na wazee na mayatima angeonekana mzembe kazini.

Bunge la London liliikopesha Kampuni pauni milioni 1.4 mwaka 1773, likaiwekea masharti, lakini utekaji haukukoma. Tipu Sultan wa Mysore aliuawa akitetea ngome yake mwaka 1799; Delhi ilitekwa mwaka 1803; Punjab ikafuata mwaka 1849, na Awadh mwaka 1856. Mwaka uliofuata askari wa Kihindi waliasi Meerut, wakaenda Delhi kumrudishia madaraka mzee Bahadur Shah Zafar, mfalme wa Mughal. Uasi ulizimwa kwa ukatili mkubwa, mfalme akahamishiwa Rangoon, na mwaka 1858 utawala ukahamia kwa Malkia Victoria.

Kampuni ilifutwa rasmi tarehe 1 Juni 1874. Ilikuwa imeacha biashara miaka 40 nyuma, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1833; na kwa sheria hiyo wenye hisa wake waliendelea kulipwa gawio la asilimia 10.5 kila mwaka, kutoka katika kodi za Wahindi.