Programu Imeingia, Lakini Iko Wapi?

Fundi wa kompyuta akikwambia "tayari, imeingia," muulize swali moja kabla hujatia mkono mfukoni: iko wapi? Huku kwetu Shika Adabu nimeona mwenye duka akilipa mara mbili kwa programu moja. Alitiliwa programu ya hesabu, akarudi na kompyuta yake nyumbani, akaiwasha, asiione. Akaamini amedhulumiwa. Fundi wa pili akafungua menyu, akaikuta imekaa kimya humo humo, akamwekea ikoni juu ya skrini na kumtoza kana kwamba ameanza kazi upya. Na si yeye peke yake.

Simu ndizo zilizotuzoesha vibaya. Ukipakua kitu kwenye simu, ikoni yake aghalabu hujitokeza yenyewe mbele ya macho. Kompyuta ina desturi nyingine. Programu inaposakinishwa hufanyika mambo mawili. Kwanza mafaili yake huwekwa ndani ya diski, kwa Windows mara nyingi kwenye folda ya Program Files, mahali ambapo mtu wa kawaida hana haja ya kwenda. Kisha faili dogo sana huwekwa kwenye menyu, na kazi yake ni kuelekeza tu. Hilo ndilo njia ya mkato, na ikoni unayoibofya ni sura yake. Ndiyo maana mtoto akiifuta ikoni kwenye skrini, programu haijaenda popote. Ni kama kung'oa kibao barabarani kinachoelekeza msikitini. Msikiti uko pale pale.

Menyu yenyewe imehamahama. Microsoft iliileta na Windows 95, Agosti 1995, ikakaa kona ya chini kushoto. Windows XP ya 2001 ilikuwa na adabu zake: programu mpya ilipakwa rangi tofauti kwenye menyu ili uitambue. Windows 8 ya 2012 ikaiondoa menyu ile na kutandaza vigae skrini nzima, watu wakapiga kelele, na Windows 10 ikairudisha 2015. Windows 11 ya 2021 imesogeza kitufe katikati. Kwa hivyo ukimuona mzee aliyejifunzia XP anapapasa, usimcheke. Mlango umehamishwa yeye hakuarifiwa.

Njia ya haraka kuliko zote ni hii: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, kisha anza kuandika jina la programu. Herufi tatu nne hutosha. Shida ni kwamba lazima ulijue jina lenyewe. Anayetaka kurekodi darsa la maghribi hawezi kuotea kwamba aandike Audacity. Anayetaka kupunguza picha hatafikiria GIMP. Ukiamua kushuka kwenye orodha nzima ya A mpaka Z, nako kuna mitego. VLC, ile ya kutazamia video, kwa kawaida hukaa ndani ya folda ya VideoLAN, jina la wenyewe walioitengeneza. 7-Zip hukaa juu kabisa, kabla ya A, kwa kuwa jina lake linaanza na tarakimu. Windows 10 huonyesha programu mpya juu ya orodha chini ya maneno "Recently added", na Windows 11 huziweka katika sehemu ya "Recommended". Huzioni? Ingia Settings, kisha Personalization, kisha Start, uwashe "Show recently added apps".

Ukishaipata, usiiache ipotee tena. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi. "Pin to Start" itaiweka mbele kwenye menyu, na "Pin to taskbar" itaiweka kwenye mkanda wa chini ya skrini, inapoonekana muda wote. Mimi mkanda ule nauwekea programu mbili tatu za kila siku, basi. Skrini yenye ikoni hamsini ni soko la Kongowea alfajiri: kila kitu kimo, na kukipata ni jasho.

Lakini jambo kubwa zaidi, na ambalo mafundi wetu hawalifanyi, ni kuipa programu jina ambalo mwenye kompyuta analijua. Kwenye ile menyu ya kitufe cha kulia chagua "Open file location" (mara nyingine imefichwa chini ya "More"). Folda itafunguka, na njia ya mkato utaikuta humo. Iguse mara moja, bonyeza F2, andika "Hesabu za Duka", kisha Enter. Kompyuta huenda ikaomba ruhusa ya msimamizi, mpe. Programu yenyewe haiguswi hata kidogo, ni kibao tu kilichoandikwa upya. Tangu siku hiyo, ukiandika "hesabu" itakuja. Mama wa duka asiyesoma Kiingereza hana haja tena ya kumngojea kijana wa jirani atoke shule ndipo aandike madeni ya wateja. Programu zilizotoka Microsoft Store hazina chaguo hili, hizo utazipachika tu kama nilivyoeleza.

Kompyuta ya watu wengi, kama ya madrasa au ya nyumba yenye watoto wanne, ina fitina yake. Kila mtu akiwa na akaunti yake, baadhi ya programu wakati wa kusakinishwa huuliza: ni ya watumiaji wote au ya huyu mmoja? Menyu ya Windows kwa kweli ni folda mbili zilizounganishwa, moja ya wote na moja ya kila mtu peke yake. Fundi akichagua ya mmoja, ustadhi ataiona na wanafunzi hawataiona, na kila upande utamuona mwenziwe muongo. Dawa ni kuiondoa na kuisakinisha upya kwa wote. Tena kuna programu zisizosakinishwa kabisa, zile za kunakili kutoka kwenye flashi na kuzifungua. Hizo hazijiandikishi kwenye menyu. Zihamishie folda ya kudumu ndani ya kompyuta kwanza, ndipo uibofye faili ya programu kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Pin to Start". Ukiipachika ikiwa bado kwenye flashi, siku flashi ikichomolewa ikoni itabaki sanamu.

Sasa wale wa Linux, maana wanaongezeka. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hazikubaliki kwa Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ubuntu au Linux Mint ni kimbilio la bure na la halali. Huko njia ya mkato ni faili la maandishi matupu lenye kuishia na .desktop, na yale ya mfumo mzima hukaa katika /usr/share/applications. Linakili lile la programu unayoitaka, ulitie katika folda ya .local/share/applications ndani ya folda yako ya nyumbani (folda hiyo imefichwa, bonyeza Ctrl na H uione). Nakala yako ndiyo itakayofuatwa na menyu, na masasisho ya programu hayataifuta.

Ifungue kwa kihariri cha maandishi. Mstari wa Name= ndio jina linaloonekana; libadilishe. Mstari wa Keywords= ni maneno ya kutafutia, kila moja likifuatwa na nukta mkato, kwa hivyo unaweza kuandika hesabu;duka;deni; na lolote kati ya hayo litaileta programu ile. Kama mstari huo haumo, uongeze. Faili zilizopakuliwa za aina ya AppImage haziliweki zenyewe faili hili kwenye menyu, itabidi uliandike mwenyewe au utumie programu ya kusaidia.

Utakuta pia nafasi ya Name[sw]=, ambayo ni ya Kiswahili na husomwa pale tu mfumo mzima umewekwa kwa Kiswahili. Nafasi hiyo mara nyingi ni tupu, ingawa lugha haikushindwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ukiwa mfumo wako uko kwa Kiingereza, andika Kiswahili chako kwenye Name= yenyewe. Hifadhi, na ikiwa jina jipya halijatokea, toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena.