Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera ipimwe upya: mwongozo kwa wenye magari na malori Kampala

Mfanyabiashara anayeleta magari kutoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam anaijua hasara ya jiwe. Lori lililo mbele linarusha kokoto, kioo cha mbele kinapata ufa, na ufa huo unazidi kutambaa kila gari linapopita kwenye tuta. Zamani jambo hilo lilikuwa rahisi: kioo kinanunuliwa, fundi anakibandika, gundi inakauka, gari linaondoka.

Siku hizi magari mengi yana kamera nyuma ya kioo hicho, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kamera hiyo humsaidia dereva, na katika magari mengine inaweza kufunga breki au kuvuta usukani yenyewe. Kioo kikibadilishwa, kamera hapana budi ipimwe upya, kazi ambayo mafundi wanaiita kalibresheni. Makala hii inaeleza sababu zake, namna inavyofanyika, na mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyauliza kabla ya kutoa fedha zake.

Kamera inafanya kazi gani?

Kamera inatazama barabara na kutambua mistari, magari yaliyo mbele na, katika aina nyingi, watu wanaotembea kwa miguu. Picha zake zinapelekwa kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta ikiona kwamba mgongano unakaribia, inampigia dereva kengele. Asipochukua hatua, inafunga breki. Gari likianza kuuvuka mstari bila kiashirio kuwashwa, dereva anaonywa, na magari mengine yanarudisha usukani kidogo.

Kuna magari yanayotumia kamera moja, na mengine kama Subaru yenye EyeSight yanatumia mbili, moja kila upande wa kioo cha kutazamia nyuma. Mengine yanachanganya kamera na rada iliyofichwa nyuma ya grili au bampa.

Ni magari gani yanayohusika?

Subaru ilianza kuuza Legacy yenye EyeSight nchini Japani mwaka 2008, na mfumo huo ukaenea kwenye Impreza na Forester. Toyota ilianza kufunga Toyota Safety Sense mwaka 2015, katika magari ambayo barabara zetu zimeyazoea: Corolla Axio, Corolla Fielder, Vitz na Aqua. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Kwa sababu hiyo, magari yanayoingia sasa ni ya miaka ambayo kamera hizi zilikuwa zimeshaanza kufungwa, na kila mwaka unaopita idadi yake inapanda.

Upande wa malori, Umoja wa Ulaya ulianza Novemba 2015 kutaka malori mazito mapya, isipokuwa aina chache, yawe na breki za dharura zinazojifunga na kifaa cha kuonya lori linapotoka kwenye mstari. Msafirishaji anayenunua kichwa cha trela kilichotumika Ulaya, cha mwaka 2016 au baadaye, ategemee kukuta kamera kwenye kioo.

Jina la modeli peke yake halitoshi, kwani magari mawili yanayofanana yanaweza kutofautiana, moja lina kamera na jingine halina. Simama mbele ya gari, nje, utazame juu katikati ya kioo. Ukiona kijisanduku cheusi chenye lenzi, au lenzi mbili zilizoachana, gari hilo linahusika. Tazama pia vitufe karibu na usukani: kitufe chenye picha ya gari na mistari miwili ni dalili nyingine.

Kwa nini kubadilisha kioo kunavuruga vipimo?

Kamera haijui barabara iko wapi mpaka ifundishwe. Kiwandani inaonyeshwa alama maalumu, nayo inaweka kumbukumbu: hapa ndipo katikati ya gari, hapa ndipo usawa wa mbele. Kioo kipya kinabadilisha mambo hayo. Kishikio cha kamera kinaweza kukaa tofauti kwa milimita moja au mbili. Gundi inaweza kuwa nene upande mmoja. Unene wa kioo na mkunjo wake vinaweza kupindisha mwanga kidogo. Hata pale ambapo kamera haikushikizwa kwenye kioo chenyewe, bado inaona kupitia kioo hicho.

Kosa dogo linakua kwa umbali. Kamera ikielekea pembeni kwa digrii moja tu, kwenye umbali wa mita 50 inakosea kwa sentimita 87 hivi. Kwenye mita 100 inakosea kwa mita 1.75, yaani nusu ya njia yenye upana wa mita 3.5. Gari lililo kwenye njia ya pili linaweza kuhesabiwa kuwa liko mbele yako, na lililo mbele yako likahesabiwa kuwa liko pembeni.

Matokeo yake ni ya aina mbili. Breki zinaweza kujifunga pasipo sababu, na katika barabara ya Malaba kwenda Kampala, ambapo trela yenye mzigo huenda iko nyuma yako, hilo linatosha kuleta ajali. Au breki zisijifunge siku zinapohitajika, wakati dereva amezoea kuzitegemea.

Japani, ambako magari mengi haya yanatoka, imelichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Aprili 2020, kuondoa na kufunga kioo cha mbele cha gari lenye breki za kujifunga kumehesabiwa miongoni mwa matengenezo yanayohitaji gereji yenye kibali maalumu.

Kioo gani kinunuliwe?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Gari moja linaweza kuwa na aina kadhaa za kioo cha mbele: kisicho na kamera, chenye nafasi ya kamera, chenye kihisi cha mvua, chenye nyaya za kupasha joto mbele ya lenzi. Kwa mbali vyote vinafanana. Ukinunua kisicho na kishikio, fundi atajaribu kukibandua cha zamani na kukigandisha kwa makadirio ya macho. Usikubali. Makadirio ya macho hayafikii kipimo ambacho kamera inakitaka.

Unapokwenda kwenye maduka ya spea, Kisekka au kwingineko, chukua namba ya chesisi na picha mbili za kioo cha zamani: moja ya maandishi yaliyo kwenye kona ya chini, nyingine ya sehemu ya kamera. Linganisha kishikio, dirisha wazi la mbele ya lenzi na nafasi ya kihisi cha mvua. Kwa kioo kilichotumika, kagua sehemu ya mbele ya lenzi peke yake. Mkwaruzo wa waipa mahali hapo ni kasoro hata kama kwingine kote kioo ni safi.

Kamera inapimwaje upya?

Kuna njia mbili. Mtengenezaji ndiye anayeagiza itumike ipi kwa kila gari, na mengine yanahitaji zote mbili.

Njia ya kwanza ni ya gari kusimama. Gari linawekwa kwenye sakafu iliyo sawa kabisa. Ubao wenye alama maalumu unasimamishwa mbele yake, kwa umbali na kimo vilivyoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Vipimo vinachukuliwa kutoka katikati ya gari kwa futi na mwanga wa leza. Kisha kompyuta ya kupimia inaunganishwa na gari, na kamera inaamriwa kujifunza upya. Ubao wa Toyota hautumiki kwa Subaru. Uwanja wa gereji wenye mteremko au mashimo haufai, wala jua kali linaloingia kutoka upande mmoja.

Njia ya pili ni ya gari kutembea. Kompyuta inaunganishwa, fundi anaanzisha zoezi, kisha gari linaendeshwa kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, mpaka kompyuta itangaze kwamba kazi imekamilika. Katikati ya Kampala, kwenye foleni na bodaboda, zoezi hilo haliwezi kumalizika. Barabara ya mwendo kasi ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutozwa ada Januari 2022, inafaa zaidi: ina njia mbili kila upande, na magari yanatembea bila kusimamasimama. Nenda wakati hakuna mvua wala jua la kuzama machoni.

Maandalizi kabla ya kupima

Gundi ya kioo iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Kamera ikipimwa kioo kikiwa bado kinasogea, kazi hiyo ni bure. Baada ya hapo:

1. Tairi zote ziwe za saizi moja na upepo sahihi.
2. Mzigo utolewe. Gari lililolala nyuma linaiinua kamera itazame juu.
3. Wilalaimenti iwe sawa. Kama gari linavuta upande mmoja, anza na hilo.
4. Springi na shokomzoba ziwe nzima. Gari lililoinuliwa kwa springi za ziada, kama wengi wafanyavyo kwa ajili ya barabara za vumbi, fundi aambiwe mapema.
5. Betri iwe na chaji ya kutosha, na kioo kisafishwe ndani na nje.
6. Stika zote ziondolewe mbele ya lenzi, ziwe za bima au za urembo.

Kwa malori, kabini iwe kwenye kimo chake cha kawaida cha kutembea. Kabini ya upepo iliyoshuka upande mmoja itatoa vipimo vya uongo.

Taa ya onyo isikudanganye

Wapo wanaosema, "Dashibodi haina taa, basi kamera ni nzima." Si lazima iwe hivyo. Taa huwaka pale kompyuta inapogundua hitilafu. Kamera inayoona vizuri lakini inatazama pembeni kidogo inaweza isiwashe kitu. Kinyume chake pia hutokea: maandishi ya onyo yanajitokeza kwa Kijapani, dereva anayaona kama mapambo na anaendelea na safari. Piga picha maandishi hayo umpelekee fundi.

Jambo la hatari kabisa ni kujaribu breki hizo kwa kuliendesha gari kuelekea ukuta, gari lingine au mtu. Usifanye hivyo, hata kwa mwendo mdogo. Ushahidi wa kazi ni ripoti ya kompyuta, kisha safari ya utulivu kwenye barabara yenye mistari, mikono ikiwa kwenye usukani.

Nani analipa?

Wasafirishaji wengi hubeba Kadi ya Njano ya COMESA wavukapo mpaka. Kadi hiyo inahusu madhara ya mtu wa tatu, hailipii kioo chako. Kioo kinaingia kwenye bima kubwa, tena mara nyingi kwa kiwango kilichowekwa katika mkataba. Muulize wakala wako sasa, kabla jiwe halijaruka: je, kiwango hicho kinajumuisha kupima kamera, au ni kioo na ufundi tu?

Kwa magari ya biashara yanayotoka bandarini, hali ya kioo iandikwe gari linapokabidhiwa kwa dereva, na picha zipigwe. Mkataba useme wazi kwamba anayebeba gharama ya kioo anabeba pia gharama ya kamera. Bila hivyo, muuzaji wa Kampala analipa kioo mara moja, na baadaye mteja wa Mbarara au Gulu anarudi na gari linalojifunga breki.

Kama mwenye vifaa hajapatikana

Mtu mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu si lazima awe na ubao na programu ya gari lako. Kufuta taa si kupima kamera. Kama kazi haiwezi kufanyika mara moja, zima mfumo kwa kitufe chake ikiwa gari linaruhusu, na umwambie kila dereva kwa maandishi kwamba msaada huo haufanyi kazi. Kumbuka kwamba katika magari mengi mfumo hurudi wenyewe kila injini inapowashwa, kwa hiyo uzimwe kila safari. Wengine watasema barabara zetu hazina mistari, kamera ya nini? Ni kweli kwamba kwenye barabara ya vumbi haina msaada mkubwa. Lakini gari hilohilo kesho litakuwa kwenye lami, na kamera iliyopotoka ni mbaya kuliko isiyokuwepo, kwa kuwa ina mamlaka juu ya breki.

Maswali ya kumuuliza fundi

- Una ubao na programu ya modeli hii, na kazi hii umeshaifanya?
- Gari hili linapimwa likiwa limesimama, likitembea, au kwa njia zote mbili?
- Bei ya kioo uliyonitajia inajumuisha kupima kamera?
- Zoezi likigoma kwa sababu ya kioo kisichofaa, nani anakibadilisha?
- Utanipa ripoti ya kabla na ya baada, yenye tarehe na namba ya chesisi?

Ripoti hiyo itunzwe pamoja na karatasi za gari. Siku ya kuuza inaongeza imani ya mnunuzi, na siku ya ajali ndiyo itakayoonyesha kwamba mwenye gari alitimiza wajibu wake. Ulizia bei ya kioo na ya kamera kwa pamoja, na gari lisirudi barabarani na mzigo mpaka kazi zote mbili zimalizike.