Kambi za kanisa kando ya mto: nani anakesha usiku?



Kila mwaka, wakati wa likizo ya Pasaka na likizo kubwa ya Julai na Agosti, parokia zetu za Kasongo na Kabambare hutuma watoto wa ekodim, vijana na wanakwaya kwenye kambi za siku tatu, nne au wiki nzima. Mara nyingi kambi huwekwa kando ya mto. Sababu zinaeleweka: maji ya kupika na kuoga yako karibu, uwanja ni tambarare, kuna kivuli, na siku ya mwisho wanaobatizwa hushuka majini bila safari ndefu.

Lakini mahali panapotupendeza mchana panaweza kuua usiku. Makala hii inaeleza mafuriko ya ghafla ni nini, ishara zake ni zipi, na nani anabeba daraka la watoto tangu wanapolala hadi wanapoamka. Imeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, waongozi wa vijana, na wazazi wanaoombwa kutoa watoto wao.

Ninaandika kama mtu mwenye deni. Nilipokuwa kijana mwongozi, tulilaza watoto zaidi ya 40 kwenye ukingo wa mchanga, wiki ya Pasaka. Tuliomba hadi saa tano usiku, kisha wote tukalala, waongozi pamoja na watoto. Alfajiri mama mpishi alipoamka kuwasha moto, alikuta sufuria zinaelea. Hakuna mtoto aliyekufa. Tulipoteza magodoro, unga na Biblia. Jumapili iliyofuata tulitoa ushuhuda na kanisa likapiga vigelegele. Ilipita miaka mingi kabla sijakubali kusema jambo ambalo ushuhuda ule uliliacha: hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa macho.

Mto mkubwa na mto mdogo

Lualaba hupanda polepole. Wavuvi huona maji yakiongezeka kwa siku na majuma, nao huhamisha mitumbwi na vibanda vyao mapema. Mito midogo na vijito havifanyi hivyo. Mafuriko ya ghafla ni maji yanayopanda ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa, kwa kawaida chini ya saa sita, na mara nyingine ndani ya dakika chache.

Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba mvua hiyo si lazima inyeshe kambini. Luama huanzia katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, hupita Kabambare, kisha huingia Lualaba. Vijito vingi vinavyoulisha vinatoka kwenye vilima ambavyo aliye bondeni havioni. Nyota zinaweza kuonekana juu ya hema zenu huku maji yakiwa tayari njiani.

Tuangalie pia majira. Kusini mwa Maniema kiangazi ni karibu Juni hadi Agosti. Mvua hurudi Septemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kambi ya Julai ina hatari ndogo zaidi, ingawa mvua ya nje ya majira hutokea. Kambi za Noeli na Pasaka ziko katikati ya mvua. Kosa letu la kawaida ni kurudi Aprili kwenye uwanja uleule tuliouzoea Julai, tukidhani tunaujua.

Yaliyotokea karibu nasi na mbali

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mvua kubwa iliangukia Kasaba, kijiji kilicho kando ya ziwa katika teritwari ya Fizi, jirani na Kabambare. Maji yalishuka na mawe, miti na matope, yakabomoa nyumba watu wakiwa wamelala. Serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihesabu zaidi ya watu 100 waliokufa, wengi wao watoto na wazee.

Miaka miwili kabla, tarehe 4 Mei 2023, mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Siku mbili kabla ya hapo, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda.

Nchini Kenya, Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walibebwa na maji katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Walikuwa kwenye matembezi ya kawaida ya vijana, kama yale tunayopanga sisi. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kuangukia vijiji vya Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Tukio linalogusa moja kwa moja suala la kambi ni la Texas, Marekani. Camp Mystic ni kambi ya Kikristo ya wasichana kando ya mto Guadalupe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, idara ya hali ya hewa ilitoa onyo la mafuriko ya ghafla kwa eneo hilo saa saba na dakika 14 za usiku. Mto ulipanda karibu mita 8 kwa dakika 45. Wasichana na walezi wao vijana 27 walikufa, na mkurugenzi wa kambi alikufa pia. Septemba ya mwaka huohuo jimbo la Texas liliweka sheria mpya: mabweni ya watoto yasijengwe tena katika uwanda wa mafuriko, na kila kambi iwe na mpango wa dharura ambao walezi wamefundishwa.

Tukio hilo lina somo kwetu. Nchi ile ina setilaiti, rada na simu kila mfukoni, na onyo lilitolewa. Onyo peke yake halimtoi mtoto kitandani. Lazima awepo mtu aliye macho, anayelipokea, na mwenye ruhusa ya kuwaondoa watoto papo hapo.

Ishara za kujua

Wazee wa vijijini wanazijua ishara hizi. Tuziandike ili vijana wetu wazijue pia.

Maji yaliyokuwa safi yanageuka kuwa ya matope bila mvua kunyesha mahali mlipo. Majani, matawi na povu vinaanza kupita kwa wingi. Kunasikika mngurumo upande wa juu wa mto, kama lori linalopanda mlima au mawe yanayogongana. Maji yanapungua ghafla: hii inaweza kumaanisha kwamba magogo yameziba mto huko juu, na kizuizi kikivunjika maji yatakuja yote pamoja. Radi upande wa vilima ni onyo pia. Tangu umeme unapoonekana, hesabuni sekunde hadi mlio; kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja.

Msiyadharau maji machache. Maji yaendayo kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto wa miaka minane anaanguka mapema zaidi. Sentimita 60 zinatosha kubeba magari mengi. Kwa hiyo mtu asijaribu kuvuka ili kuwaokoa walio ng'ambo, na asirudi kuchukua mizigo.

Daraka la usiku lina jina la mtu

Katika kambi nyingi ukiuliza, "Nani analinda usiku?", utajibiwa, "Waongozi wote" au "Bwana ndiye mlinzi wetu." Jibu la kwanza maana yake ni hakuna mtu. Jibu la pili ni la kweli, lakini limetumiwa vibaya.

Tusome Nehemia 4:9. Watu walimwomba Mungu, na katika mstari uleule wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakuona kwamba walinzi wanapunguza maombi. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza ajengaye nyumba kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Sheria haisemi kwamba Mungu atamshika anayeanguka. Inamdai mwenye nyumba. Na Ezekieli 33 inamweka mlinzi mahali pazito: akiona hatari asipopiga tarumbeta, damu ya waliokufa itatakwa mkononi mwake. Mzazi anapoandika jina la mtoto wake kwenye orodha yetu, sisi ndio wenye dari na sisi ndio walinzi.

Kwa hiyo kila kambi iwe na karatasi yenye majina: mkuu wa kambi, wakesha wa kila zamu, na mwongozi wa kila kundi akiwa na orodha ya watoto wake, wasizidi kumi. Zamu zinaweza kuwa tatu: saa tatu hadi saa sita usiku, saa sita hadi saa tisa, saa tisa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kila zamu iwe na watu wazima wawili, na ikiwezekana mmoja awe mwenyeji anayeujua mto ule. Wapewe chai, na mchana waachwe walale. Aliyehubiri mchana kutwa asipangiwe zamu ya saa tisa.

Hapa kuna ugumu wa kwetu. Kijana mkesha anaona maji yamepanda, lakini anaogopa kumwamsha mchungaji bure. Anasubiri ahakikishe, na dakika zinapita. Ndiyo sababu mkuu wa kambi atangaze jioni ya kwanza, mbele ya wote, kwamba mkesha anaweza kuamuru kambi ihame bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na kwamba akikosea hatachekwa wala kukemewa. Afadhali watoto wapande kilima mara tatu bure kuliko wakose kupanda mara moja.

Kabla ya kambi

Mkuu wa kambi aende mwenyewe kuona uwanja, pamoja na mzee wa kijiji. Amwulize: katika mwaka mbaya kuliko yote, maji yalifika wapi? Atazame pia takataka zilizonasa kwenye matawi na mchanga uliobaki ndani ya nyasi. Mahali pa kulala pawe juu ya alama hiyo. Kisiwa, mchanga wa mtoni na pembe ya mito miwili visitumike kamwe kwa kulala. Kuoga, kufua na kubatiza kunaweza kubaki mtoni. Usingizi uhamie juu.

Njia ya kukimbilia isivuke kijito chochote. Watoto waitembee mara moja mchana na mara moja gizani kwa tochi, na muda upimwe. Kama watoto 60 wanahitaji dakika 20 kufika juu, basi amri ya kuhama lazima itolewe mapema zaidi ya mnavyodhani.

Barua kwa wazazi itaje mahali pa kulala, umbali kutoka mtoni, na jina la mwenye daraka. Mzazi anayekataa asihesabiwe kuwa na imani haba.

Usiku wa kambi

Chomekeni mti wenye alama majini, mahali unapoweza kuonekana kwa tochi ukiwa umesimama pakavu. Mkesha auangalie kila nusu saa na kuandika. Tunapendekeza kanuni hii: maji yakipanda kiganja kimoja kwa nusu saa, au ishara yoyote iliyotajwa juu ikionekana, kambi inahama. Ishara ya hatari iwe moja, kwa mfano filimbi ndefu tatu, na isitumike kuita watu kwenye chakula. Mkifika juu, kila mwongozi ahesabu watoto wake kwa majina.

Pasipo simu, na pasipo usalama

Habari za METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa, na matangazo ya redio vifuatwe kabla ya safari. Lakini vijiji vyetu vingi havina mtandao wa simu. Huko onyo bora ni jirani aliye juu ya mto, na hapa makanisa yetu yana kitu ambacho hata serikali haina: karibu kila kijiji kina shemasi, mwalimu au mama wa kanisa. Kabla ya kambi, ombeni kanisa moja au mawili ya upande wa juu yawapigie simu mvua kubwa ikianguka. Penye ukosefu wa mtandao, patana na mwendesha pikipiki, au na kituo cha afya chenye redio ya mawasiliano.

Tunajua pia kwamba katika sehemu za Kabambare, watu wanaogopa kutembea usiku kwa sababu ya wenye silaha. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana mahali pa kukimbilia papatanwe mapema na chefu wa kijiji na polisi, ili kundi lenye tochi saa nane usiku lisije likadhaniwa kuwa ni washambuliaji. Shule au kanisa lililo juu linafaa, mradi ufunguo uwe shingoni mwa mkesha. Na kama mahali hapawezi kulindwa dhidi ya maji wala dhidi ya watu, tufanye kambi ya mchana, watoto walale kwao. Injili haipungui.

Tunapojiandaa kwa likizo ijayo, kila baraza la parokia lijibu swali moja kwa maandishi kabla ya kuchangisha hata franga moja: saa tisa usiku, ni nani hasa atakuwa macho? Bwana asiyelala atusaidie kukesha pamoja naye kwa ajili ya watoto hawa. Amina.